Kusoma kimoyomoyo ni nini, na ile sauti ya kichwani ni ya nini

Soma hii bila kufungua mdomo: barabara ya mtaani kwetu haijatengenezwa barabara. Umesikia? Neno ni lilelile, herufi zilezile, ila la kwanza umelikaza karibu na mwisho, ikawa njia ya magari, na la pili umekaza ile ra ya mwanzo, ikawa vizuri, sawasawa. Karatasi haina alama yoyote ya mkazo, mkazo umeuweka wewe, kichwani.

Sasa hiyo ndo kusoma kimoyomoyo. Mdomo umefunga ila maneno unayasikia ndani kwa ndani, na mara nyingi ulimi na koo navyo vinatikisika kidogo sana kiasi kwamba mwenyewe hujui, vifaa vya maabara ndo vinanasa. Ni tofauti na kusoma kwa sauti, na ni tofauti pia na kupitisha macho juujuu, ile tunayofanya tukiskroli simu, unaruka mistari unatafuta jina au bei basi.

Zamani kusoma kwa sauti ndo ilikuwa kawaida sana. Augustino, mwandishi mkubwa wa Kikristo aliyezaliwa sehemu ambayo leo ni Algeria, aliandika miaka kama 1,600 iliyopita kwamba alikuwa akimkuta askofu Ambrosi wa Milano anasoma macho yanatembea kwenye kurasa na moyo unatafuta maana, ila sauti na ulimi vimetulia. Akaona ni jambo la kuandika kabisa, wageni wanaingia wanakaa kimya wanamwangalia tu.

Halafu kuna hawa wanaofundisha kusoma haraka. Huko Marekani Evelyn Wood alianza kozi zake mwaka 1959 na zikavuma sana, na mpaka leo utaambiwa ua hiyo sauti ya kichwani, inakuchelewesha. Mi nakataa. Ukiangalia macho yanavyofanya kazi, hayatelezi kwenye mstari, yanaruka na kutua, kila kituo kama robo sekunde hivi, na kuna mara yanarudi nyuma kuhakikisha. Utafiti mwingi unaonyesha ukiongeza sana spidi uelewa unashuka. Na zile hesabu za maneno mangapi kwa dakika, mtu wa kawaida kama 240 hivi akisoma kimya, zimepimwa kwa Kiingereza. Kiswahili neno moja linaweza kubeba sentensi nzima, mfano “hatukuwaambia”, ni neno moja hilo, ndani yake kuna nani hakufanya, lini, na nani hakufanyiwa, kwahiyo ukijipima kwa namba za Kiingereza utajiona mzito bure na wala sio mzito.

Nikupe mfano ulionikuta. Nilipanga chumba, mkataba kurasa mbili, nikaupitisha macho juujuu kwa sababu mwenye nyumba amesimama pale anasubiri saini. Kuna mstari nikausoma, mpangaji akihama kabla ya muda atarudishiwa kodi iliyobaki. Nikasaini. Miezi minne baadae nahama, nadai changu, naonyeshwa karatasi: hatarudishiwa. Herufi moja, h, mwanzoni mwa neno, na maana imegeuka kabisa! Ningelisoma hata kimoyomoyo tu, polepole, nafikiri ningelisikia, maana a na ha ukizitamka hazifanani, ila jicho linalokimbia linashika umbo la neno na mengine linajijazia lenyewe, hasa pale unapotamani iwe hivyo.

Ndo maana nasema hizi namna za kusoma hazishindani. Matangazo ya kazi pitisha macho, tafuta sifa na tarehe ya mwisho. Hadithi iachie sauti ya ndani, bila hiyo mazungumzo ya wahusika hayana ladha. Shairi nenda nalo kwa sauti, mizani na vina ni vya sikio. Na ukiona mzee anasoma gazeti huku midomo inacheza na kidole kiko kwenye mstari usimcheke, yule neno halimpiti.

Mimi mikataba na vile vikaratasi vya kwenye boksi la dawa siku hizi nasoma kwa sauti kabisa, kidole kwenye mstari, na mwenye haraka namvutia kiti.