Kukinai: kwa nini furaha haikai

Tonge la kwanza la halua linakufumbisha macho. La tano unalila kwa sababu tu limebaki sahanini. Ukizidisha, halua inakukinaisha, hutaki hata kuiona. Ndiyo maana watu wa pwani huila na kahawa chungu: kila funda linasafisha ulimi, na tonge linalofuata linapata tena utamu wake.

Kukinai kuna maana ya pili, ambayo wengi wetu tumeanza kuisahau: kuridhika na ulichonacho, usitamani cha ziada. Mtu mkinaifu ni mtu aliyetosheka. Neno moja, basi, limebeba kuchoshwa na kitu na kutosheka nacho. Kwangu mimi, hakuna neno linaloifafanua furaha vizuri kuliko hili, kwa sababu tunaitafuta tukidhani tutatosheka, kumbe mara nyingi tunaishia kuchoshwa.

Mtazame kijana aliyenunua pikipiki mpya. Siti haivuliwi nailoni. Jioni anakaa kibarazani na mswaki wa zamani, anasugua spoku moja baada ya nyingine, na mtoto akiigusa tangi anafokewa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Miezi michache baadaye nailoni imechanika, tope limekauka kwenye matairi, naye kijiweni anaulizia bei ya bajaji. Pikipiki haijaharibika, na bado inamwingizia riziki ileile. Kilichoisha ni ugeni wake.

Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Brickman na Donald Campbell, waliifananisha hali hii na mashine ya kukimbilia: unakimbia mpaka unalowa jasho, ukishuka uko palepale. Mwaka 1978 Brickman na wenzake wakawahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois. Walipowaomba wapime furaha yao kuanzia 0 hadi 5, wastani wao ulikuwa 4.00. Majirani wasioshinda chochote walipata 3.82. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mtu aliyeamka tajiri. Lakini kinachonigusa zaidi ni jambo jingine: washindi walifurahia kidogo kuliko wenzao mambo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kula kifunguakinywa. Ile siku kubwa ilikuwa imezipunguzia utamu siku ndogo.

Kutokana na habari kama hizo, watu husema binadamu huzoea kila kitu, raha kwa shida. Hapo siwafuati. Katika utafiti uleule walikuwamo watu 29 waliopooza kwa ajali, na wastani wao ulikuwa 2.96. Si sifuri, ndiyo, lakini uko chini sana ya ule wa majirani. Na huko Ujerumani, ambako maelfu ya watu huulizwa mwaka baada ya mwaka jinsi wanavyoridhika na maisha yao, ilionekana kwamba pigo la kupoteza kazi halifutiki upesi. Waliokuwa wamekosa ajira, hata walipoajiriwa tena, kwa wastani hawakurudi kikamilifu kwenye ridhaa waliyokuwa nayo kabla.