Bei mliyopeana mkono siyo hela itakayoingia benki

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mzee mmoja anayeuza kampuni yake ya pembejeo huko Nyanda za Juu Kusini. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye jambo lake: "Mwanangu, bei tumeshamaliza. Bilioni nne. Yamebaki makaratasi tu. Yapitie haraka, Ijumaa natia saini."

Makaratasi tu. Mwaka huu nimeyasikia maneno hayo kwa wauzaji wanne, na kwa wote wanne hela kubwa ilikuwa imejificha humo humo kwenye makaratasi. Mzee amenikubalia niandike habari yake, ila namba nimezibadilisha. Naandika kwa sababu nimechoka kuona watu waliojenga biashara kwa miaka ishirini wakipoteza mamia ya milioni kwenye sentensi ambayo hawakuisoma, huku wakiamini kwamba bei ilishakwisha kujadiliwa.

Bei haijaisha. Barua ya nia ya mzee, yaani makubaliano ya awali kabla ya mkataba, inasema kampuni inanunuliwa "bila fedha na bila deni". Maana yake ni kwamba bilioni nne ni thamani ya biashara ikiwa na mtaji wa kawaida wa kuiendesha. Fedha iliyoko benki siku ya makabidhiano inaongezwa juu. Mkopo wa benki unakatwa. Kisha unapimwa mtaji wa kuendeshea, yaani wadaiwa ukijumlisha bidhaa zilizoko ghalani, ukatoa mnachodaiwa na wasambazaji. Ukiwa chini ya kigezo mlichokubaliana, muuzaji anakatwa tofauti. Ukiwa juu, anaongezwa. Anachopokea muuzaji ni jibu la hesabu hiyo.

Fedha na mkopo kila mtu anaelewa. Ugomvi huanzia kwenye mtaji wa kuendeshea, kwa sababu muuzaji anauhesabu kuwa ni wake. Mzee aliniambia hivyo hivyo: "Nimekusanya madeni yangu, nimeuza stoki yangu, kwa nini nikatwe?" Kwa sababu, mzee wangu, unauza gari linalotembea. Mnunuzi akikulipa bei ya gari linalotembea, huwezi kumkabidhi likiwa juu ya mawe kisha useme matairi yalikuwa yako. Uliyauza ndani ya bei ile ile.

Kwenye biashara ya mbolea jambo hili linaonekana kwa macho. Kule mvua ni msimu mmoja. Mbolea ya kupandia inatakiwa iwe ghalani kabla ya Novemba, ya kukuzia inatoka Januari na Februari, na mawakala wa vijijini wanamaliza kulipa kufikia Aprili. Kwa hiyo mtaji wa kuendeshea wa mzee unapanda na kushuka kama maji ya bwawa. Nilimwomba mhasibu wake anitolee mizania ya kila mwisho wa mwezi. Julai milioni 280, Agosti 350, Septemba 620, Oktoba 980, Novemba 1,340, Desemba 1,290, Januari 1,050, Februari 820, Machi 610, Aprili 450, Mei 330, Juni 280. Jumla ni milioni 8,400. Gawanya kwa 12, unapata wastani wa milioni 700.

Makabidhiano yamepangwa tarehe 30 Juni. Siku hiyo ghala ni jeupe na benki kuna milioni 610. Mkopo ni milioni 350. Kama hakuna kigezo chochote, mzee anaondoka na 4,000 ongeza 610 toa 350, yaani milioni 4,260, na mnunuzi anabaki na ghala tupu ambalo lazima aliwekee bilioni moja na ushee kabla ya Novemba. Hiyo si haki, na nilimwambia mzee hivyo ingawa ndiye anayenilipa. Ile milioni 610 benki ni mbolea ya Novemba iliyogeuka hela. Kigezo kikiwa wastani wa milioni 700 na mtaji wa Juni ni 280, anakatwa 420, anabaki na milioni 3,840. Hapo kila mmoja kapata chake.

Sasa njoo kwenye rasimu ya mkataba. Ukurasa wa 41, kiambatisho cha tatu, kigezo kimeandikwa milioni 1,096. Hakuna maelezo yoyote. Nilikaa na kikokotoo dakika kumi mpaka nikagundua imetoka wapi: ni wastani wa Oktoba hadi Februari, miezi mitano ya msimu peke yake. Kwa kigezo hicho mzee anakatwa milioni 816 na kubaki na milioni 3,444. Tofauti ya milioni 396, karibu sehemu moja ya kumi ya bei waliyopeana mkono, na hakuna mtu aliyetamka neno "punguza".

Simlaumu mnunuzi kwa kujaribu. Ana washauri wazuri na wamefanya kazi yao. Kinachoniuma ni kwamba mzee alishatia saini barua ya nia inayomfunga asizungumze na mnunuzi mwingine kwa siku 90. Wakati alipokuwa na wanunuzi wawili mlangoni, kigezo kingejadiliwa kwa nusu saa. Sasa yuko peke yake na mtu mmoja, na kila siku inayopita wafanyakazi wake wanazidi kusikia tetesi. Nawaomba wauzaji wote: njia ya kupata kigezo iwe ndani ya barua ya nia. Si lazima namba yenyewe. Andikeni ni wastani wa miezi mingapi, na ni akaunti zipi zinaingia.

Wastani wa miezi 12 wenyewe si msahafu. Biashara inayokua kwa kasi, wastani wa mwaka uliopita unakuwa mdogo kuliko mahitaji ya kesho, na mnunuzi ana haki ya kulalamika. Msimu wa 2022/23 serikali ilipoleta ruzuku ya mbolea, sehemu ya bei ikawa inalipwa na serikali badala ya mkulima, na wafanyabiashara wakawa na mdaiwa wa aina nyingine kabisa. Mwaka kama huo unauingiza kwenye wastani au unauacha? Nimeshafanya yote mawili, na sina uhakika kwamba mara zote nilikuwa sahihi. Vitabu vinaandika "mtaji wa kawaida" kana kwamba kawaida ipo mahali inasubiri kuhesabiwa. Kwa biashara inayotegemea mvua na uamuzi wa Dodoma, kawaida ni kitu mnachokubaliana.

Anayedhani nakuza mambo aitazame kesi ya Chicago Bridge & Iron na Westinghouse. Mwaka 2015 Chicago Bridge & Iron iliiuzia Westinghouse kampuni ya ujenzi wa mitambo ya nyuklia, Stone & Webster, iliyokuwa ikijenga vinu huko Georgia na South Carolina, Marekani, kwa gharama zilizokuwa zikipanda kila kukicha. Bei ya siku ya makabidhiano ilikuwa dola sifuri. Muuzaji alikuwa anautua mzigo, akakubaliwa pia kwamba baada ya makabidhiano hatadaiwa kwa maelezo aliyotoa kuhusu kampuni. Lakini mkataba ulikuwa na kigezo cha mtaji wa kuendeshea: dola bilioni 1.174. Baada ya makabidhiano, muuzaji alihesabu akasema mtaji umezidi, nilipeni dola milioni 428. Mnunuzi akahesabu kampuni ile ile, tarehe ile ile, akasema mtaji uko chini ya sifuri, nyinyi ndio tunaowadai. Mtulipe zaidi ya dola bilioni 2.

Walitofautiana kwa sababu kila mmoja alitumia rula yake. Mnunuzi alidai hesabu za zamani hazikufuata viwango, kwa hiyo alizipima upya kwa anachoona ni sahihi. Muuzaji alisema mkataba unataka mpime kwa njia ile ile iliyotumika siku zote. Mahakama ya chini huko Delaware ilimpa haki mnunuzi. Juni 2017 Mahakama Kuu Zaidi ya jimbo hilo ikageuza uamuzi: marekebisho ya mtaji ni ya kupima kilichobadilika kati ya saini na makabidhiano, kwa rula ile ile, na si mlango wa nyuma wa kufufua malalamiko ambayo mkataba ulishayazika. Westinghouse ilikuwa imeshaomba ulinzi wa mufilisi Machi mwaka huo.

Nilipomweleza mzee kesi hiyo aliuliza inamhusu nini yeye na vinu vya nyuklia. Nikamwomba tuende ghalani.

Kona ya nyuma, chini ya turubai, kuna mifuko 400 ya urea ya kilo 50. Bati lilivuja, unyevu ukaingia, na urea ikishika unyevu inaganda. Niligonga mfuko mmoja kwa funguo ukatoa mlio wa tofali. Mifuko hiyo ina misimu mitatu pale, na kwenye vitabu bado imeandikwa kwa gharama ya kununulia, shilingi 70,000 kila mmoja. Milioni 28. Imo kwenye kila mwisho wa mwezi kati ya ile 12, kwa hiyo imo pia ndani ya kigezo, kiwe cha 700 au cha 1,096.

Rasimu inasema mtaji wa siku ya makabidhiano utapimwa "kwa mujibu wa viwango vya IFRS", yaani viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, basi. Kwa viwango hivyo, bidhaa isiyouzika kwa gharama yake lazima ishushwe hadi thamani inayoweza kuuzika. Mkaguzi wa mnunuzi ataingia ghalani Julai, atagonga mfuko kama nilivyogonga, na ataushusha. Atakuwa sahihi kihesabu. Lakini kigezo kilipimwa mifuko ikiwa nzima, na makabidhiano yatapimwa mifuko ikiwa mawe, hivyo mzee atalipa hadi milioni 28 kwa kitu ambacho hakikubadilika hata punje. Na urea ni sehemu ndogo. Fanya vivyo hivyo kwa wadaiwa wa muda mrefu, kwa likizo za wafanyakazi ambazo hazikuwekewa akiba, na namba inakua haraka.

Dawa yake ni aya moja inayosema rula zitumike kwa mpangilio gani. Kwanza sera mahususi mlizoziorodhesha, kwa mfano urea iliyoganda itahesabiwa kwa kiasi gani. Pale zisipogusa, desturi ya kampuni kama ilivyo kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwisho. Pale desturi isipogusa, ndipo IFRS. Na kigezo kipimwe kwa mpangilio huo huo. Mimi nilimshauri mzee ashushe urea pande zote mbili, kwenye kigezo na kwenye makabidhiano. Kwa thamani gani, sijui kwa hakika. Kuna wakulima wanainunua kwa bei ya kutupa, wanaitwanga. Tuliandika nusu ya gharama, na nitaitetea, lakini ni makisio.

Kuna mengine nitayapitia mbiombio. Malipo ya awali ya mawakala, milioni 60 waliyotanguliza kwa ajili ya msimu: ni deni au ni mtaji wa kuendeshea? Yakiitwa deni, mzee anakatwa shilingi kwa shilingi. Yakiitwa mtaji, yanaingia pia kwenye kigezo na maumivu yanapungua. Nimeshawahi kukaa upande wa mnunuzi nikasema ni deni, na safari hii nasema ni mtaji, kwa sababu mnunuzi atayamaliza kwa kutoa mbolea, na gharama yake ni ndogo kuliko hela iliyopokelewa. Malimbikizo ya TRA na NSSF yaliyopitiliza muda ni deni, sibishani. Mkopo wa mkurugenzi ni deni. Na kwamba "hesabu zimekaguliwa" hakusaidii hapa: mkaguzi alitoa maoni ya Desemba, hakuna aliyemwuliza kuhusu tarehe 30 Juni wala kuhusu kigezo.

Kodi nayo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kifungu cha 56, inasema umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni inahesabiwa kuwa imeuza mali zake na kulipa madeni yake, hata kama hakuna kilichotoka ghalani. Kodi ikipatikana hapo inaidai kampuni, na kampuni wakati huo ni ya mnunuzi. Ndiyo maana rasimu ina kifungu cha kumrudishia mzigo huo muuzaji. Mzee alikipita akidhani kinahusu kodi yake binafsi ya kuuza hisa. Ni vitu viwili, na hiki cha kampuni mshauri wa kodi yuko anakikokotoa wakati naandika.

Ijumaa haikutiwa saini. Mzee alikuja ofisini na kaunta buku lake la madeni ya mawakala, tukakaa mpaka magharibi tukiandika ile miezi 12 kwenye karatasi moja kubwa, kwa mkono, kwa sababu kwenye kompyuta haoni vizuri. Alipofika Juni aliweka kalamu, akarudi nyuma mpaka Oktoba, akahesabu kwa vidole: mmoja, wawili, mpaka watano. Kisha akauliza, "Hawa wanataka kununua duka langu mwezi wa sita kwa stoki ya mwezi wa kumi na moja?" Barua ya kupendekeza milioni 700 imetoka Jumatatu asubuhi, na lile karatasi kubwa tumelipiga picha tukaliambatanisha.