Je, Wajua Kwa Nini Bolti za Pampu ya Maji Hukatikia Ndani ya Injini?

Pampu ya maji inavuja, au bearingi yake imeanza kulia. Kuibadilisha si kazi ya kutisha. Bolti ya kwanza inafunguka, ya pili inafunguka, ya tatu inazunguka kidogo, inakuwa laini mkononi kama unasokota mpira, kisha kichwa chake kinabaki ndani ya boksi la spana. Bolti nyingine za injini hiyohiyo, zenye umri uleule, zimetoka bila tabu. Kwa nini hii imegoma?

Chanzo ni maji. Bolti ni ya feleji. Mwili wa pampu, na mara nyingi bloku yenyewe, yaani mwili mkuu wa injini, ni alumini. Metali mbili tofauti zikigusana huku zimeloa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inapatikana betri dhaifu inayofanya kazi usiku na mchana, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokana na kuliwa huko huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini ilivyokuwa, basi hujaa kwenye uwazi mwembamba kati ya bolti na tundu na kuikaba. Kulanti nzuri ina kemikali za kuzuia hali hii, lakini huisha nguvu kadiri miaka inavyopita, na anayejazia maji matupu ya bomba huzidi kuzipunguza. Tena baadhi ya bolti za pampu hupenya hadi kwenye njia za maji za bloku, kwa hiyo ncha zake huloa muda wote.

Halafu zenyewe ni ndogo. Nyingi ni M6 au M8, yaani unene wa milimita 6 au 8. Ya M6 hukazwa kwa takriban Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kusokota), sawa na kuning'iniza kilo moja kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Mkono ulioshika spana ndefu hupita hapo bila hata kuhisi.

Ule ulaini wa mpira naomba kila anayeshika spana aujue. Bolti inayokubali hutoa mlio mkavu, tak, kisha hulegea. Inayozunguka bila kulegea inajisokota yenyewe. Simama hapo hapo. Irudishe kidogo upande wa kukaza, weka mafuta ya kupenya kutu, subiri, kisha nenda na kurudi kidogo kidogo. Ikigoma, tumia joto: alumini hutanuka karibu maradufu ya feleji, hivyo ukipasha moto pembeni mwa tundu, tundu hupanuka kuliko bolti. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 au hata chini ya hapo, bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma. Mwali mdogo unatosha, na mabomba ya mafuta, nyaya na mikanda viondolewe au vikingwe.

Ikishakatika, wengi hukimbilia drili. Mimi nasema tazama kwanza imekatikia wapi. Ikiwa ni chini ya kichwa tu, una bahati: toa bolti zilizobaki, vuta pampu, na kisiki kitabaki kimesimama nje ya bloku. Mara nyingine kutu iliyokuwa imeshika ilikuwa kwenye tundu la pampu, wala si kwenye nyuzi za bolti, na kisiki hutoka kwa koleo la kujifunga. Kisipotoka, chomelea nati juu yake. Nati hiyo inakupa kichwa kipya, na joto la kuchomelea huingia moja kwa moja ndani ya bolti na kuvunja mshiko wa kutu. Kwangu hakuna njia inayoishinda hii.

Kazi ngumu hasa ni bolti iliyokatika sawa na uso wa bloku. Hapo lazima utoboe, na utoboe katikati kabisa. Feleji ni ngumu, alumini ni laini, kwa hiyo biti ya drili ikipata upenyo huhamia kwenye alumini na kula nyuzi. Piga alama kwa senta panchi, anza na biti ya milimita 3, polepole, kwa mafuta. Kuna mbinu ninayoipenda: rudisha pampu ya zamani kwa bolti zilizopona, weka kibomba chembamba cha chuma ndani ya tundu lake, kikuongozee biti. Biti zinazozunguka kushoto zinafaa zaidi, maana wakati mwingine hung'ata kisiki na kukitoa kabla hujamaliza. Kwa M6, ukifika milimita 5 ukiwa katikati kweli, linabaki ganda jembamba la nyuzi ambalo huchomolewa kwa ncha kali. Kile chuma cha kung'olea visiki, chenye nyuzi za kinyume, usikilazimishe kamwe. Ni kigumu na hakipindi. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haikitoboi.

Wakati wa kufungua, chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake. Mara nyingi hazina urefu sawa, na ndefu ikiingia kwenye tundu fupi hugonga mwisho, ikakatika au ikapasua bloku. Safisha matundu kwa tapu, kifaa cha kukatia nyuzi, weka bolti mpya, zinazofika kwenye maji zipakwe dawa ya kuziba uvujaji, kisha zikaze kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kupishana, hadi kipimo cha mtengenezaji wa gari.