Njaa ya watoto vijijini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kijijini kuna mashamba, mtoto atalalaje njaa?"

Kauli hii husemwa sana na wanaoishi mjini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya watu wenye njaa duniani wanaishi vijijini, na wengi wao ni wakulima wadogo. Mavuno yakiingia, madeni nayo yanadai. Mkulima huuza wakati bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza, kisha miezi michache baadaye hununua nafaka ileile kwa bei ya juu. Katika miezi hiyo ya kusubiri mavuno mapya ndipo kazi za shamba huwa nyingi, mvua huleta malaria na kuhara, na mama hurudi jioni akiwa hoi. Ghala la pamoja, ambako kaya huweka akiba wakati wa mavuno na kuichukua wakati wa uhaba, ni kazi ya lishe ya watoto hata kama hakuna anayeiita hivyo. Vikundi vya kuweka na kukopa navyo ni kazi hiyo hiyo ya lishe.

"Ameshiba, hana tatizo."

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi hulijaza upesi, lakini nguvu iliyomo haitoshi. Kwa mtoto anayenyonya wa miezi 9 hadi 23, Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri milo 3 hadi 4 kwa siku, na kitu cha kutafuna kati ya milo akihitaji. Nyumba nyingi hupika mara mbili tu, na mtoto hula watu wazima wanapokula. Hapo hakuna uchoyo wala uzembe. Ratiba ya jiko imepangwa kwa matumbo makubwa.

Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko inavyopasa umri wake kwa kukosa lishe bora kwa muda mrefu, ndio unaopita machoni bila kuonekana. Mtoto anacheza, anacheka, ni mfupi tu, na rika lake lote ni wafupi, basi watu hukubaliana kwamba ndivyo ukoo ulivyo. Mwaka 2006 WHO ilitoa viwango vya ukuaji vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman. Watoto hao walinyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira yenye afya, na urefu wao ulikaribiana sana licha ya asili zao kutofautiana. Urithi unaweza kueleza kwa nini huyu ni mfupi kuliko nduguye, lakini hauelezi kijiji kizima cha watoto wafupi. Kupima urefu, na si uzito pekee, ndiko kunakoufichua udumavu.

Na mtoto aliyevimba mashavu na miguu si mnene; huenda ni utapiamlo mkali. Bonyeza miguu yake kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Kishimo kikibaki kwenye miguu yote miwili, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

"Maskini hawawezi kufanya lolote mpaka waletewe msaada."

Mwishoni mwa 1990, mume na mke, Jerry na Monique Sternin, walifika Vietnam kwa niaba ya shirika la misaada la Save the Children, na serikali ikawapa miezi sita waonyeshe matokeo. Katika mkoa wa Thanh Hoa waliwaomba wanakijiji wapime watoto wao wenyewe, kisha watafute kaya maskini ambazo watoto wao wana afya nzuri. Zilikuwepo. Mama wa kaya hizo waliokota uduvi na kaa wadogo kwenye majaruba ya mpunga, wakavichanganya na matembele katika chakula cha mtoto, ingawa wenzao waliamini vitu hivyo havimfai. Waliwanawisha watoto mikono, wakawalisha kidogo kidogo mara nyingi zaidi kwa siku.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda zaidi: hakuna aliyepanda jukwaani kuhutubu. Akina mama walikutana kwa takriban wiki mbili wakipika pamoja, na kila mmoja alitakiwa kuja na uduvi, kaa na majani aliyoyakusanya mwenyewe. Hadi mafunzo yanakwisha, kutafuta vyakula hivyo kulikuwa kumeshakuwa mazoea.

Mfano huu usigeuzwe fimbo ya kuwachapia maskini. Pale ukame au vita vimemaliza kila kitu, somo la mapishi ni kejeli. Watu wapewe chakula au fedha kwanza.

"Aliyekonda sana ni wa kulazwa, na daktari ndiye wa kumtambua."

Ilikuwa hivyo zamani, na watoto wengi walifikishwa hospitali wamechelewa. Leo kuna utepe wa rangi unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi kabla ya 125 ni njano. Kuanzia hapo ni kijani. Mama asiyejua kusoma anaweza kuutumia vizuri, na akimpima mwanawe mara kwa mara humwona mapema kuliko mgeni anayepita kwa mwezi mara moja.

Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa, WHO na UNICEF yakiwemo, yaliunga mkono rasmi matibabu ya nyumbani kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali ambaye bado ana hamu ya kula na hana matatizo mengine. Hupewa chakula dawa cha karanga, maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini, ambacho hakipikwi wala kuongezwa maji, na hurudi kituoni kukaguliwa. Anayekataa kula, anayetapika kila kitu au mwenye homa kali bado ni wa kulazwa.

Maziwa ya unga yanayogawiwa ovyo kama msaada ni jambo jingine kabisa. Yakikorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na humwachisha mama kunyonyesha.

"Shule ikipika, tatizo limekwisha."

Chakula cha shule kina faida nyingi. Nchini Brazil, sheria ya 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wa kifamilia, kwa hiyo sufuria ya shule ikawa pia soko la mzazi. Lakini siku 1,000 tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili ndizo zenye uzito zaidi katika udumavu, na huwa zimepita zamani anapoanza darasa la kwanza. Kijiji chenye jiko la shule bado kinahitaji mtu wa kumfuatilia mjamzito na mtoto mchanga nyumbani kwao.