Treni ya Marekani Kwenye Soketi ya Mombasa

Mzee aliingia karakana yetu ya umeme na boksi la viatu lililofungwa kamba ya katani. Ni baharia mstaafu, mwenyeji wa Kibokoni. Alipolifungua, harufu ilitangulia: vanishi iliyoungua, ambayo fundi akishainusa hana haja ya kuuliza mengi. Ndani mlikuwa na transfoma ya treni ya kuchezea, plagi yake ya pini mbili bapa bado imechomekwa kwenye adapta.

"Mwanangu, treni hii niliinunua Baltimore," akasema. "Mjukuu hakuicheza hata dakika tano. Ilikwenda kama mshale, ikaruka reli, halafu moshi."

"Treni yenyewe unayo, mzee?"

"Ninayo, lakini si imeshakufa?"

Haikuwa imekufa. Kule kuruka reli ndiko kulikoiokoa, maana ilikuwa ikilishwa umeme maradufu. Kilichoungua ni kile kiboksi cha transfoma, na kwa wengi wanaotuletea vitu vya aina hii, mgonjwa huwa ni kiboksi.

Treni haijui umeme wa ukutani. Inajua kile kinachopita kwenye reli zake tu. Treni nyingi za skeli ya HO, yaani moja kwa 87 na reli zenye upana wa milimita 16.5, hutumia DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, ya kutoka sufuri hadi volti 12 hivi. Ndivyo zilivyo pia zile ndogo za skeli ya N zenye reli za upana wa milimita 9. Treni kubwa za Lionel, kampuni ya Marekani, zenye reli tatu, hutumia AC, yaani umeme unaogeuka upande kila mara kama wa ukutani, ya hadi volti 18 hivi. Mota hizo zingeenda vilevile Chicago, Osaka au Likoni, mradi reli zipate umeme zinaoutaka. Kinachogombana na soketi yetu ni kiboksi kilichotengenezewa soketi ya watu wengine.

Soketi ya Kenya hutoa volti 240, hezi 50, yaani mapigo 50 ya umeme kwa sekunde. Ya Marekani hutoa volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100, na humo mna jambo: upande wa Tokyo ni hezi 50, upande wa Osaka ni 60. Katika karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya Ujerumani na Osaka ikanunua ya Marekani, na hadi leo hawajapatana. Treni za Uingereza na Ulaya hazina shida hapa. Umeme wao ni volti 230, hezi 50, na kwa zile za Ulaya bara kinachobaki ni plagi tu.

Adapta ile ya mzee hubadilisha umbo la pini, basi. Volti 240 zinaingia kama zilivyo. Ndiyo maana kabla ya kuchomeka chochote, geuza kiboksi usome kibandiko cha mtengenezaji. Palipoandikwa "INPUT" ukiona "100–240V 50/60Hz", shukuru Mungu; kiboksi hicho kinakubali umeme wa karibu dunia nzima. Kwa kawaida huwa chepesi mkononi, kama chaja ya simu. Ukiona "120V 60Hz" peke yake, na kiboksi ni kizito kama jiwe la kusagia, ndani mna chuma na waya wa shaba, na hicho usikichomeke. Uzito ni dalili tu. Hukumu ni ya maandishi.

Kwa nini kiungue, badala ya treni kukimbia zaidi tu? Hapa ndipo watu, hata mafundi wazoefu, hukosea. Wanatazama volti na kusahau hezi. Chuma cha transfoma hubeba sumaku inayopanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na kina kiasi chake cha kubeba. Kikizidishiwa, chuma hushiba. Kikishashiba hakizuii tena mkondo, waya wa upande wa ukutani hupokea mkondo mkubwa mno, na vanishi inayotenganisha mizunguko yake huungua. Kupima mzigo huo, gawa volti kwa hezi. Kwao Marekani ni 120 kwa 60, sawa na 2. Kwetu, kiboksi hichohicho kikichomekwa moja kwa moja, ni 240 kwa 50, sawa na 4.8. Hakuna transfoma ya kuchezea inayovumilia hayo.

Dawa inayojulikana na wengi ni transfoma ya kushusha umeme, ambayo mafundi huiita stepdauni. Inasaidia, lakini haimalizi kazi. Stepdauni hushusha volti, hezi haigusi. Kiboksi cha Marekani kikipata volti 120 kwa hezi 50, hesabu inakuwa 2.4, moja ya tano zaidi ya kilichokusudiwa. Vingine huvumilia, vikinguruma na kupata moto. Vingine, hasa vilivyobaniwa chuma kiwandani, huchemka taratibu, na joto letu la Februari halivisaidii. (Hezi hizohizo ndizo sababu saa ya ukutani ya Marekani inayofuata mapigo ya umeme hupoteza dakika 10 kila saa ikiletwa huku, na mwenyewe akalaumu betri ambayo haimo.)

Kuna ujanja mmoja ambao hauna gharama kubwa. Kwa sababu mji wetu umejaa bidhaa za mtumba kutoka Japani, kuna stepdauni za kutoa volti 100. Kipe kiboksi cha Marekani volti 100 badala ya 120: 100 kwa 50 ni 2 kamili, kama kilivyozoea kwao. Reli zitapata volti 15 badala ya 18, treni itapungua mwendo kidogo, na chuma kitapumua. Mwendo kidogo si hasara. Kwa treni ya Japani yenyewe volti 100 ndizo zake, na stepdauni ya 110 au 120 kwake ni kuizidishia.

Ukinunua stepdauni, linganisha wati zake na za kiboksi. Mimi huchukua yenye uwezo mara mbili, kwa sababu namba zinazobandikwa kwenye bidhaa za bei rahisi huwa na maringo. Kiboksi cha wati 80 nakipa stepdauni ya wati 160 au zaidi. Tafuta yenye mizunguko miwili ya waya iliyotenganishwa, na sanduku la chuma lililoungwa kwenye waya wa ardhi. Usidanganywe na vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri vilivyoandikwa wati 1600. Hivyo ni vya vitu vya kupasha joto, kama pasi na mashine ya kukaushia nywele. Huukatakata umeme, na transfoma haipendi umeme uliokatwakatwa.

Fyuzi pia. Plagi zetu za pini tatu mara nyingi huuzwa na fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 240 hiyo hupitisha zaidi ya wati 3,000 bila kukatika. Transfoma ndogo inaweza kuungua yote, na fyuzi ikabaki nzima inatazama. Weka ya ampea 3.

Hata hivyo, kwa treni ya HO au N ya kawaida, mimi sipendekezi stepdauni kabisa. Acha kiboksi cha kigeni na uilishe treni upya. Adapta ya DC ya volti 12, ya aina inayouzwa kwa ajili ya kamera za CCTV, huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi yetu. Ongeza kidhibiti mwendo cha mota ya DC chenye kitufe cha kuzungusha. Kati yake na reli weka fyuzi ya ampea 1, kwa sababu treni ikianguka magurudumu yake ya chuma huunganisha reli mbili na kupiga shoti, na treni za watoto huanguka kila dakika. Lionel ya reli tatu usiipe adapta hiyo. Hiyo inataka AC. Treni ya kidijitali ya DCC, inayoongozwa kwa ishara zinazopita kwenye reli, nayo ina kituo chake cha kuamrisha, kwa hiyo fuata maandishi ya kituo, na kidhibiti cha kuzungusha kisikaribie reli zake.

Ndivyo tulivyomfanyia mzee. Tulitandika duara la reli juu ya meza ya wanafunzi, tukazipangusa kwa kitambaa chenye spiriti, maana hewa ya chumvi ya pwani hufanya utando juu ya reli na kuzuia umeme. Mjukuu akapewa kitufe. Akakizungusha kidogo, taa ya mbele ikawaka, treni ikaanza kutembea kinyumenyume.

"Imeharibika!" akapiga kelele.

Tukazibadilisha nafasi nyaya mbili tu za reli, ikaenda mbele.