Kihamba si bustani ya kuzunguka nyumba

Siku hizi jina la kihamba limeingia hata katika ramani za nyumba zinazouzwa mijini: mteja huonyeshwa migomba michache kando ya uzio na tangi la maji ya mvua, akaambiwa kwamba hicho ni kihamba na kwamba kinajitosheleza. Kihamba ni ardhi ya ukoo wa Kichagga katika miteremko ya Kilimanjaro, ambamo familia huishi, hulima, hufuga na kuzika wafu wake, na ambayo kwa desturi baba humrithisha mwanawe. Mpaka wake ni masale, mimea inayopandwa kama ua. Juu husimama miti kama mringaringa, chini yake migomba, kisha kahawa, na karibu na udongo magimbi. Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Katika ramani hizo nyumba hutangulia, na mimea hufuata kama pambo. Kihambani nyumba ilikuwa sehemu ya mzunguko: msonge wa zamani, ulioezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, ulilaza watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, hivyo joto la mifugo likapunguza baridi ya mlimani, na samadi ikaenda migombani. Mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake hukatwakatwa likawa malisho ya ng'ombe yule yule. Maji nayo yalifika kwa mfongo, yaani mfereji wa kutoka mtoni, ambao jirani waliuchimba pamoja na kuutumia kwa zamu.

Neno "kinajitosheleza" ndilo linaloniudhi zaidi. Wachagga wenyewe hutofautisha kihamba na shamba: shamba liko chini, tambarare, ndiko yanakotoka mahindi, na ndiko akina mama walikopandisha mizigo ya nyasi kichwani kwa ajili ya ng'ombe wa ndani. Bila shamba na bila mfongo, kihamba kingedhoofika.

Kwa hiyo msanifu anayetaka kujifunza kutoka Kilimanjaro, na ni jambo jema akitaka, aulize kwanza maji ya jikoni na mabaki ya chakula yataelekea wapi, banda litakaa wapi ili samadi isibebwe mbali, na malisho yatatoka kwa nani. Akiwa amepanda migomba tu, aiite bustani. Nayo ni jina la heshima.