Sindano ya steroidi kwa mchezaji aliyeumia: inafanya nini, na wapi isichomwe

Mtu akiumia goti kwenye ndondo au bega likimkatalia kunyanyuka, hazipiti siku mbili lazima atokee wa kumwambia kachome sindano ya steroidi utapona fasta, na kweli yupo anayechomwa na wiki inayofuata umemkuta uwanjani anakimbia. Watu wanaiomba bila kujua inaenda kufanya nini mwilini, na wengine wanaikimbia kwa hofu ambayo siyo yenyewe, kwahiyo tuiangalie vizuri hii kitu.

Kwanza hiyo hofu. Hizi sio steroidi za kujaza misuli. Ile stanozolol aliyokamatwa nayo Ben Johnson wa Kanada kule Seoul 1988 akanyang'anywa dhahabu ya mita 100, hiyo ni ya ukoo wa homoni ya kiume. Hizi za goti na bega ni ukoo wa kotisoli, homoni ambayo mwili wako mwenyewe unaitengeneza kila siku kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo. Hazikuzi kifua wala mkono. Na zilianzia kwa wagonjwa wa baridi yabisi, sio kwa wanamichezo: mwezi wa 9 mwaka 1948 pale Mayo Clinic nchini Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni, dawa ya ukoo huohuo wa kotisoli, mwanamke mmoja kijana ambaye viungo vilimkaza mpaka kutembea ni shida, ndani ya siku chache akawa anatembea, na 1950 kazi hiyo ikapata Nobel. 1951 Joseph Hollander akachapisha matokeo ya kuchoma dawa ya jamii hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo, na hapo ndo ikaanza njia inayotumika mpaka leo. Majina utakayoyakuta hospitali ni triamcinolone, methylprednisolone, betamethasone, dexamethasone.

Sasa inavyofanya kazi. Ukiumia, mwili unamimina damu, seli na kemikali za kila aina kwenye ile sehemu, ndo panavimba, panapata joto, panauma. Steroidi inazima huo mchakato, yaani zile kemikali zinapungua na uvimbe unashuka. Mara nyingi daktari anaichanganya na lignokeni, ganzi ileile ya kung'olea jino, ndo maana mtu anashuka kitandani anakunja goti anasema nimepona, halafu jioni ganzi ikiisha maumivu yanarudi, na kwa wengine yanazidi kabisa kwa siku moja au mbili. Usichanganyikiwe hapo. Steroidi yenyewe inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa, na nafuu yake inakaa wiki kadhaa, wengine miezi.

Ila shika hili, maana ndo wengi wanapoumizwa: maumivu kuisha na jeraha kupona ni vitu viwili tofauti, na sindano hii inashughulika na hicho cha kwanza tu. Haiungi kano iliyochanika, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa, wala hairudishi gegedu lililolika, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Tena kule kuvimba ni sehemu ya mwili kujikarabati, kwahiyo ukikuzima kwenye kano unapunguza maumivu na wakati huohuo unaidhoofisha kano yenyewe. Mchezaji hasikii kitu, anapiga spidi, kano haiwezi, inakatika. Ndo sababu madaktari wa michezo wanaogopa sana kuchoma ndani ya kano kubwa ya kisigino na ile ya chini ya kofia ya goti, maana hizo mbili zinabeba uzito wote ukikimbia na ukiruka. Mtu akitaka kukuchoma hapo, muulize maswali kabla hajafungua bomba. Nyama ya paja iliyochanika nayo hivohivo, sio mahali pake, hiyo inataka kupumzishwa na kurudishwa taratibu.

Mfano mzuri ni kiwiko cha tenisi, yale maumivu ya upande wa nje wa kiwiko ambayo hata fundi rangi na anayekamua nguo anayapata. Australia, pale Brisbane, walifanya utafiti kwa watu 165 uliotoka 2013, wengine wakachomwa steroidi na wengine maji ya chumvi tu. Wiki za mwanzo waliochomwa steroidi walikuwa vizuri. Mwaka ulipoisha, waliosema wamepona au wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 83 kwa steroidi, na 96 kwa wale wa maji ya chumvi, na tatizo lilijirudia kwa asilimia 54 ya waliochomwa steroidi dhidi ya 12 ya wenzao. Yani aliyechomwa maji ya chumvi alimaliza mwaka akiwa na hali nzuri kuliko aliyechomwa dawa! Mimi nikiona namba kama hizo siwezi kumshauri mtu akimbilie sindano ya kiwiko kwa sababu tu ana mechi Jumamosi.

Haimaanishi ni dawa mbaya, hapana. Bega lililoganda, lile ambalo hata kuvaa shati ni kazi, sindano ya mapema inasaidia kweli. Vifuko vya majimaji vya begani vikivimba inasaidia, kidole kinachokwama ukikikunja inasaidia, maumivu ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba pia. Lakini thamani yake iko kwenye zile wiki za nafuu: ndo muda wa kwenda kwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, ukafanya mazoezi ambayo mwanzo ulikuwa huwezi kwa maumivu. Ukizitumia kurudi uwanjani moja kwa moja umeichoma bure.

Na usiizoee. Madaktari wengi hawavuki sindano tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja, wakiachanisha miezi mitatu hivi. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka 2017 ulichukua wagonjwa 140 wa magoti yaliyolika, nusu wakachomwa triamcinolone kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili, na mwisho gegedu lao likawa limepungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na kwenye maumivu hapakuwa na tofauti ya maana.

Kuna madhara ambayo watu hawaambiwi. Dawa ikivujia karibu na ngozi, pale inabaki alama nyeupe, na nyama ya chini inabonyea kama kishimo, na kwa ngozi zetu nyeusi alama hiyo inaonekana waziwazi kwa miezi, wakati mwingine zaidi. Mwenye kisukari sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa, lazima aseme mapema na apime kila siku. Kiungo kupata vijidudu ni nadra, ila ikitokea ni dharura, kwahiyo ukiona goti linazidi kuwa moto, linavimba na homa juu, rudi hospitali siku hiyohiyo usisubiri kesho. Na ngozi ya hapo ikiwa na kidonda au jipu, haichomwi.

Halafu tuache kuchanganya na ile sindano ya maumivu ya duka la dawa, ile ya kuchomwa tako ukasikia nafuu. Mara nyingi hiyo ni diklofenaki, sio steroidi. Triamcinolone ukiiangalia kwenye kichupa ina rangi ya maziwa na inatikiswa kabla ya kuvutwa, diklofenaki ni maji angavu. Sindano ya kiungo inataka daktari anayejua njia ya kupita, ngozi isafishwe vizuri, na ikiwezekana altrasaundi ya kuona ncha ilipo.

Kwa anayeshindana rasmi kuna jambo moja kubwa sana. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2022 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, walipiga marufuku steroidi hizi kwa njia zote za sindano wakati wa mashindano, hata ya goti. Wakenya wanalijua hili kwa uchungu, kwa sababu triamcinolone imewakamata wakimbiaji wao kadhaa, akiwemo Diana Kipyokei aliyevuliwa ushindi wa Boston Marathon ya 2021 na kufungiwa miaka sita. Dawa haitoki mwilini kwa kasi moja: ikichomwa kwenye kiungo, nyingi wanashauri uiache siku 3 kabla ya kushindana ila triamcinolone siku 10, na triamcinolone hiyohiyo ikichomwa kwenye msuli ni siku 60. Kwahiyo kabla hujatoka chumba cha daktari andikiwa jina la dawa, kipimo, tarehe na sehemu ulipochomwa, karatasi uiweke na daktari wa timu apewe nakala, na kama mechi iko karibu kibali cha kutumia dawa hiyo kwa matibabu kiulizwe kabla ya sindano.